Tunasoma Kutoka Chini

17

168. Lushinge Ndaki. Tanzania. Nyuma ya mshindi kwa dakika 31 na sekunde 9.

Hapo ndipo sisi tunapoanzia kusoma.

Namba za vipande hivi nazo zinashuka. Usigeuze karatasi. Ndivyo tulivyozoea.

16

TANGAZO
(mlangoni pa steshenari, kijiji cha Mwabuyugi)

Mashabiki wote mnaarifiwa kuwa matokeo ya Mzunguko Mkuu wa Baiskeli unaoendelea huko Ulaya, wiki tatu, hatua ishirini na moja, yatachapwa na kusomwa hapa kila jioni saa moja kasoro robo, isipokuwa siku mbili za mapumziko.
Karatasi isichanwe.
Karatasi isifungiwe karanga.
Maswali yaulizwe baada ya kusomwa, si katikati.

Msimamizi,
Limi Jidayi

15

Limi Jidayi ni mimi.

Sikuomba kusoma. Nilipokuwa chuo cha ualimu, kwenye mazoezi ya kufundisha, niliandika somo zima ubaoni ili nisiseme. Mwalimu wangu akaandika kwenye ripoti: *sauti haifiki nyuma.* Sasa nasubiri ajira, na wakati nasubiri natoa fotokopi.

Lakini wanaume wa kwa Fundi Shigela, jirani, hawayaoni maandishi madogo kwenye simu. Siku ya kwanza nikawachapia. Wakasimama mbele ya karatasi, wakalitafuta jina moja kati ya majina mia moja sitini na nane wakianzia juu. Ilichukua muda mrefu. Fundi akaniangalia.

"Binti, tusomee. Anzia kule aliko mtu wetu."

14

Kibanda umiza cha Bundala. Hatua ya sita. Julai hakuna ligi, kwa hiyo televisheni wameachiwa baiskeli.

— Hawa wanakwenda wapi?

— Hawaendi. Wanazunguka.

— Saa tano juu ya baiskeli na hakuna hata mmoja aliyebeba gunia?

— Huyo wa mbele ndiye Lushinge?

— Huyo mzungu, we!

— Wetu yuko wapi sasa?

— Nyuma.

— Nyuma wapi?

— Nyuma ya nyuma.

— Yule! Yule wa zambarau! Mbona wenzake wanakwenda, yeye anangoja gari?

— Anachukua maji ya timu.

— Moja, mbili, tatu... sita! Kazijaza mgongoni kama punda wa kisimani. Kumbe mtoto wetu alipanda ndege kwenda Ulaya kuchota maji!

— Na wewe Bundala, uliyezaliwa kando ya kisima, umemchotea nani?

Kicheko.

Tulimwona kwa sekunde nne. Kisha kamera ikarudi kwa walio mbele, ambao ndio wanaolipendeza taifa lao.

13

*Anasema Fundi Shigela:*

Nitasema mimi, maana huyu binti akisimulia anapunguza.

Nimetengeneza baiskeli miaka thelathini na miwili. Lushinge alikuwa anapeleka maziwa mjini, madumu manne, kilomita arobaini na mbili. Rimu ya nyuma imepinda, namwambia iache niinyooshe, anasema fundi nimechelewa, maziwa yataganda. Alishinda mashindano ya Nane Nane akiwa na keria bado imefungwa nyuma. Hakuwa anajionyesha. Alisahau kuifungua! Mgeni mmoja aliyekuja kutazama akauliza, huyu ni nani? Hivyo ndivyo Lushinge alivyochukuliwa Ulaya. Miaka sita sasa, hajarudi hata mara moja.

Watu wananiuliza, fundi, kwa nini unamshangilia mtu wa mwisho?

Nawajibu: wewe umeshawahi kuwa wa mia moja sitini na nane kwa jambo lolote?

12

*Ujumbe wa sauti wa Lushinge kwenye simu yangu, siku moja kabla ya mashindano kuanza. Dakika moja na sekunde mbili. Nyuma yake kuna sahani zinagongana.*

Mama, shikamoo. Limi, habari za hapo, mwekee mama sauti kubwa. Mama, kesho tunaanza. Unajua mara mbili nimeanza na sikumaliza. Mwaka juzi siku ya tisa. Mwaka jana siku ya kumi na tano. Sasa nimejiwekea hivi. Nikimaliza, naja. Sipitii kokote, naja. Lakini sitaki kuja kukaa hapo nje, kila mtu anapita ananiuliza ulimaliza, na mimi naangalia miguu yangu. Kwa hiyo nikimaliza. Haya mama, usijibu sasa, wanatuita kula.

Mama Lushinge alinirudishia simu, lakini kwanza akaifuta kwa khanga yake, mbele na nyuma, kana kwamba ameichafua kwa kusikiliza.

11

KANUNI ZA MASHINDANO, sehemu inayohusu muda

Kila mwendeshaji atatakiwa kumaliza hatua ndani ya muda wa mshindi, ukiongezwa asilimia iliyopangwa kwa hatua hiyo. Atakayezidi muda huo ataondolewa. Atakayeshuka kwenye baiskeli na kupanda gari atahesabiwa kuwa amejitoa. Kwa vyovyote vile, namba yake itabanduliwa mgongoni.

(Swali la Fundi, baada ya kusomwa, si katikati: "Wanaibandua wao, au anaibandua mwenyewe?"

Sijui, Fundi.)

10

Vilivyochoka kufikia hatua ya kumi na nne:

mashine ya kuchapia, ambayo sasa inaacha mstari mweupe katikati ya kila jina

sauti yangu

macho ya Fundi

Bundala, kwa kuombwa aweke filamu

utani

miguu ya watu mia moja arobaini na tisa ambao hawatujui

neno "kesho"

9

Siku ya pili ya mapumziko nilikwenda kumsaidia Mama Lushinge kuchuma pamba. Shamba lilikuwa jeupe mpaka kwenye reli. Pamba ni laini, lakini vikonyo vyake vinachana vidole, na yeye alikuwa kwenye wiki ya tano ya kuchuma.

"Mwadila mayu," nikamwamkia.

"Mwadila, Limi. Leo wamepumzika?"

"Ndiyo, mama."

"Wanapumzika wakifanya nini?"

"Wanaendesha baiskeli. Saa mbili tu, miguu isikaze."

Alicheka mpaka akakaa chini kati ya mistari. Alicheka na vidole vyake vyote vikiwa na pamba.

"Basi hata mimi napumzika," akasema, akainuka, akaendelea kuchuma.

Baada ya muda akauliza, bila kunitazama:

"Zimebaki ngapi?"

"Sita."

"Na milima?"

"Alhamisi ndio mkubwa. Akivuka Alhamisi, zilizobaki ni rahisi."

"Nimetoa pamba chumbani kwake."

Wewe unayesoma huenda hujawahi kulima pamba, kwa hiyo nikueleze. Wakati wa mavuno kila chumba ni ghala. Pamba hulala kitandani, watu hulala pembeni. Mama Lushinge alikuwa amehamisha chumba kizima cha pamba na kukijaza kwake, na sasa alikuwa analala ameegemea ukuta, ili kitanda cha mtu aliye Ulaya kiwe kitupu.

8

Hatua ya 16: wa 143 kati ya 143.
Hatua ya 17: wa 141 kati ya 141.

Wanapungua.

Yeye habanduki.

"Huyo," anasema Fundi, "ni kama nati ya mwisho."

7

Alhamisi. Hatua ya kumi na nane. Kilomita mia moja sabini na moja, milima mitatu.

Kwenye televisheni kulikuwa na ukungu na mvua. Mtangazaji alizungumza lugha yake. Tuliona watu wanne, halafu wawili, halafu mmoja akiinua mikono kileleni huku anatetemeka. Watu wakamvika koti.

Tulisubiri kamera irudi nyuma.

Ikaonyesha matangazo.

6

Saa moja kasoro robo. Watu kama ishirini na watano mbele ya steshenari, baadhi wamekaa kwenye keria za baiskeli zao. Karatasi bado ina joto.

Nikaangalia chini, mahali pake.

"Mia moja thelathini na sita," nikasoma. Jina la Mfaransa.

Watu wakasogea.

"Rudia," Fundi akasema.

Nikarudia. Alikuwa Mfaransa yuleyule.

"Kwa hiyo wa mwisho si Lushinge?"

"Si Lushinge."

"Panda, binti! Panda!"

Nikapanda. 135. 134. 133. Kila jina lisilokuwa lake lilikuwa mtu mmoja aliyeachwa nyuma. Kufika 120 Bundala alikuwa ameanza kupiga dumu. Kufika 100 walikuwa wanahesabu pamoja nami, na mtu akapiga kengele ya baiskeli, kisha kengele zote. "Maziwa yamechemka!" Fundi akapiga kelele, "maziwa yamechemka!" 88. 87. Sauti yangu ilikuwa inafika nyuma. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu ilikuwa inafika nyuma, ikavuka barabara, wanawake wa mgahawani wakatoka na mikono yenye unga.

Nilijua kwenye arobaini.

Nataka ulisome hilo taratibu. Kwenye arobaini nilijua. Mtu anayechota maji hamalizi mlima ule akiwa wa arobaini. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Lakini walikuwa wanacheza, watu waliochoka siku kumi na nane walikuwa wanacheza, na mimi nikaendelea kusoma

39

38

37

dumu

20

dumu

10. Sasa dumu likawa linapigwa polepole.

5. Halikupigwa.

3

2

Nikasoma wa kwanza. Tulimwona kwenye televisheni, yule wa koti.

Halafu karatasi ikaisha.

5

*Ukurasa wa pili, ambao kwa siku kumi na saba sikuuchapa ili kuokoa wino, kwa kuwa haukuwa na mtu wetu, na sasa nikauchapa:*

TAARIFA YA WAAMUZI, HATUA YA 18
Waliozidi muda: hakuna.
Waliojitoa: watano.
1. —
2. —
3. —
4. Ndaki, Lushinge. Kilomita ya 133.
5. —

4

Hakuna aliyeondoka. Hilo ndilo lililonitisha. Walipaswa kuondoka, lakini wote walikuwa wanaangalia upande wa reli, kwa sababu Mama Lushinge alikuwa anakuja, kapu la pamba bado kichwani. Alikuwa amesikia dumu na kengele kutoka shambani. Alikuwa anakimbia kwa namna ambayo mtu wa umri wake hukimbia: mikono inakimbia, miguu inatembea.

"Wa ngapi?" akauliza kabla hajafika. "Fundi, amekuwa wa ngapi?"

Fundi Shigela akaokota spana ambayo haikuwa imeanguka.

"Bundala?"

Bundala akaweka dumu chini, taratibu, lisitoe sauti.

"Limi. Mwanangu. Wa ngapi?"

Somo zima ningeliandika ubaoni. Hapakuwa na ubao.

"Hayumo, mama."

"Hayumo kwenye nini?"

"Kwenye karatasi. Ameshuka. Kilomita thelathini na nane kabla ya mwisho. Mimi ndiye niliyesoma vibaya, hawa walicheza kwa sababu yangu. Nilijua na sikunyamaza."

Akashusha kapu. Akalikalia.

"Ameumia?"

"Hawakuandika."

"Basi yuko wapi saa hizi?"

Watu ishirini na watano, wanaojua mwinuko wa kila mlima, uzito wa kila chupa, sekunde za kila siku.

Hakuna aliyekuwa amewahi kuuliza.

3

Nilipiga. Iliita mpaka ikakatika.

Nikapiga.

Ikaita.

Nikapiga.

2

*Ujumbe wa sauti, kutoka simu yangu. Sekunde hamsini na moja.*

Limi, nimeanza? Nimeanza. Lushinge. Ni mama yako. Hapa niko na Fundi, na Bundala, na watu wengi tu, wameinamisha vichwa kama wamevunja chungu. Nasikia umeshuka. Sikiliza. Wewe ulisema ukimaliza ndio uje. Hayo uliyasema wewe. Mimi sikukuomba umalize kitu, mimi nilikuomba uje. Mtu akikuuliza ulimaliza, mwambie kamuulize mama. Mimi nitakaa hapo nje nawe, waniulize mimi. Chumba kiko wazi. Na mimi nimechoka kulala nimeegemea ukuta, nakwambia ukweli, mgongo unauma, kwa hiyo nijue kama nirudishe pamba au nisirudishe. Umekula? Ni hayo. Limi, nafungaje?

1

Alama mbili. Amepokea.

Alama za bluu. Amesikiliza, au anasikiliza.

*Anarekodi…*

"Anasema nini?" Mama Lushinge akauliza.

"Bado, mama. Anarekodi."

Ikazimika. Ikarudi. *Anarekodi…* Ikazimika tena. Giza lilikuwa linaingia na hakuna aliyewasha taa. Fundi alikuwa amekaa chini kabisa, mgongo kwenye gurudumu. Mtu akaomba maji, akapewa, akampitishia mwenzake, chupa ikazunguka.

Ujumbe ukaingia. Sekunde sita.

Nikaongeza sauti mpaka mwisho.

Upepo. Mlango wa gari unafungwa. Mtu anavuta pumzi kama anayetoka majini.

*Mama. Namba bado ninayo mgongoni, hawajaibandua. Mama, naweza ku*

Basi.

"Unaweza," Mama Lushinge akaiambia simu.

Sikuwa nimebonyeza kurekodi. Nikaiweka karibu na mdomo wake, nikabonyeza, nikashikilia kwa kidole gumba kwa nguvu zangu zote.

"Sema tena, mama."