Kona ya Bustani

…au amwambie paachwe wazi hivyo hivyo, liwalo na liwe, aliwaza Mama Bustani, macho yake kwenye skrini, pale chini ya ukurasa wa mwisho wa jarida la parokia, palipobaki peupe kama pengo la jino, maana tangazo la semina ya wanandoa limeondolewa baada ya mtoa mada kuugua, na fundi mchapaji kamgeukia, vidole vimejaa wino, "Mama, hapa pameniachia shimo, niongezee mistari miwili mitatu kwenye ile kona yako, mashine imeshapata moto," kama vile maneno ni maji ya bomba, unafungua tu yanatoka, na kweli yalikuwepo, yalikuwa yamemjaa kinywani tangu asubuhi, hilo ndilo lililomtisha… Kona ya Bustani, watu wanaisoma kabla hata ya ratiba ya misa, wakimkuta mlangoni pa kanisa wanamvuta kando, Mama Bustani, nyanya zangu zinanyauka, Mama Bustani, wadudu hawa wa kunde niwafanyeje, naye anajibu majivu, kila ugonjwa majivu, kwa sababu haki ya Mungu hajui bustani, nyumbani ana mlimau mmoja na vyungu vya maua alivyoviacha binti yake alipoingia monasterini, kwa wale masista wa ndani wasiotoka, na katika kona ile hajawahi kumwandikia mwenye nyanya hata mara moja, anamwandikia mwanawe… barua kule zina majira yake, lakini jarida linapelekwa kila mwezi, na masista husomewa wakati wa kula, mmoja anasoma, wengine wanatafuna kimya, basi mama akaona upenyo, mlimau ukichanua maana yake mimi mzima, mche mdogo ukichipua maana yake dada yako kajifungua salama, na Baba Paroko akipitia kurasa anacheka, "Mama, wewe mboga zako zina mashairi," cheka tu baba, cheka, aliyevaa kiatu ndiye ajuaye kinapobana…

"Mama, nakusikiliza," alisema fundi.

Nipe dakika, alimjibu, au alidhani alimjibu, kwa maana alikuwa ameshafika nyumbani, mezani, leo asubuhi, mumewe na kikombe chake cha chai, mume aliyesema siku ile ya kumsindikiza binti, "Nimelea mtoto nikaja kuupa ukuta," kisha akaufunga mdomo kama mlango wa duka lililofilisika, asimtaje tena, si kwa jina la ubatizo wala kwa lile jipya alilopewa pamoja na shela, Jumapili za kutembelea wageni mke anatoka peke yake na kikapu, yeye anabaki anafungua kwa bisibisi redio ambayo haijaharibika na kuifunga tena… na leo, bila utangulizi, akiangalia chai, "Hivi huko wanamwitaje siku hizi?" Mke akauliza, nani? "Huyo mtoto." Akamtajia. Mzee akalitamka jina lile polepole, kama mtu anayeonja kitu cha moto, akalikosea mwishoni, akarudia, safari hii likakaa sawa, kisha akaomba sukari… sukari! na yeye akaileta, akachukua mkoba akaja kazini kama mwizi aliyeficha kitu kifuani, na njia nzima alikuwa akiipanga sentensi, lile ua lisilotajwa nyumbani kwetu, leo mwenye nyumba amelitaja kwa jina lake… hiyo hapo, imeiva, mistari miwili kamili, Mungu mwenyewe kaondoa semina ya watu ili aipatie nafasi, aseme tu, fundi aandike, mashine ilie, na kule nyuma ya ukuta mtoto asikie…

asikie, au asome… kwa nini akumbuke sasa, mdomo ukiwa wazi, lile aliloambiwa na binti mara ya mwisho, wamekaa pande mbili za wavu wa chuma wa chumba cha wageni, anatabasamu ndani ya shela, "Mama, ule mwezi wa Bibi, zamu ya kusoma ilikuwa yangu," ule mwezi ambao mama aliandika kwamba mti mkubwa uliotutilia kivuli umelala, umelala kwa amani, na binti akasimama mbele ya wenzake wenye vijiko mikononi, akaufikia mstari, akaelewa, bibi yake kafa, akanywa maji, akaendelea na matangazo ya kwaya kwa sauti ileile… akasimulia bila kulalamika, na mama siku ile alisikia nini? alisikia kwamba ujumbe umefika, akafurahi, eti amefurahi, akarudi nyumbani akijipongeza kwa ujanja wake, kumbe amekuwa akirusha mawe juu ya ukuta akidhani ni maua, miaka yote hii akiamini kwamba mwenye kukosa ni yeye, kitanda kitupu ni chake, sauti iliyopungua sebuleni imepunguka kwake tu, na mwenzake kule ana kwaya na malaika, hakosi kitu, kumbe naye anakosa, kumbe naye alikuwa na bibi, na alilazimika kumlilia kimyakimya, baina ya matangazo mawili, amesimama… na hili la leo, je, kama zamu ni yake tena? na hata isipokuwa yake, hili si la mama kulibeba, baba ndiye aliyelifunga jina, baba ndiye alifungue, kwa mdomo wake, hata akilikosea, mbele ya wavu… ila atakwenda? aliomba sukari tu, hakusema atakwenda, hajamwuliza, na akimwuliza leo jioni akaishika redio yake?

"Mama, umeme huu hauaminiki."

"Andika," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza, "mvua zikikatika, tutatembea kidogo tuzione bustani za wenzetu."

Fundi akagonga vitufe, akasita. "Tutatembea? Kwenye kona hii huwa unaandika nimepanda, nimepalilia, nitavuna, siku zote 'ni', 'ni', 'ni'. Nirekebishe?"

"Usiguse."

Fundi akainua mabega, akarudi kwenye skrini kuuvuta mstari ukae sawa, na mashine ikaendelea kuunguruma bila kutoa hata karatasi moja, naye akabaki akiitazama ile silabi ya herufi mbili, 'tu' ya watu wawili, ndogo, mtu anaweza kuisoma mbele ya watu bila sauti kukatika, wengine wataendelea kutafuna, ila mmoja, mmoja tu, ataacha kijiko njiani.