Inspekta Asiyepanda Ngazi

Mume wangu Évariste ni hodari wa kila neno isipokuwa habari zake mwenyewe. Hapa Zaire, alipokwenda kufanya kazi mgodini Manono, tulipatana kwamba, kwa kuwa mimi sijui kusoma, atanitumia kaseti kwa madereva wa malori. Nikangoja sauti ya mume. Akaja Inspekta Delvigne!

Delvigne ni mpelelezi wa vitabu vya Kifaransa ambavyo Évariste alisoma kwa mapadri. Vitabu vilikwisha zamani, basi akamtungia kesi mpya kwa Kiswahili, kwa mtindo ule ule: Inspekta anavua kofia, anapanda ngazi mbilimbili, anafika juu, anamtaja mwizi. Majirani walijaa uani kwangu Kalemie, wakikanyaga vile visamaki vya ndagala nilivyoanika. Mimi nilikasirika. Anakula? Analala wapi? Hasemi. "Umusalimie Emilie," mtoto wetu, basi.

Kaseti ya nne waliisifu kuliko zote. Inspekta aliketi tu kitini, mashahidi wakaletwa mbele yake.

"Sasa amekuwa mukubwa," alisema jirani yangu Papa Gaspard, mwenye redio ya kaseti. "Bakubwa habatembei."

Walicheka. Mimi nilimwomba airudishe nyuma. Kila baada ya maneno machache kitufe cha kurekodia kililia ta! kisha ta! tena, na sauti iliporudi haikuwa na pumzi. Évariste anakatiza nini kila mara, kama si kikohozi? Na Inspekta gani anaomba blanketi mchana wa jua?

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi sikutaka kifo kinitangulie Manono. Kesho yake nilimwacha Emilie wetu kwa dada yangu, nikapanda lori.

Nilimkuta Évariste mkekani, mifupa mitupu, redio yake kando ya kichwa. Alinitazama kama mwizi aliyeshikwa.

"Mama Emilie! Ni nani alikuambia?"

"Ni Inspekta wako. Hapandi tena ngazi."

Alitaka kucheka, kikohozi kikamkatiza. Nikamtukana, nikalia, nikamkumbatia.

Nilimrudisha nyumbani. Daktari amemkataza kusema sana, kwa hiyo sasa kesi ninatunga mimi, naye anasikiliza. Ninatunga vibaya, mwizi anajulikana tangu mwanzo. Lakini Inspekta wangu haketi hata siku moja. Kila nyumba nimeijengea ghorofa, naye anapanda, anapanda, na mimi nakitazama kifua cha Évariste kikipanda na kushuka mpaka Inspekta afike juu.