Pampu ya Jacktone

Ndugu yangu Jacktone alikuwa na kifafa, na alifuga samaki. Si ngege wala mbuta, samaki wa mtu kula, bali gobi, vijisamaki vya mito ya mbali, urefu wa kidole, alivyonunua kwa mfanyabiashara mmoja Kisumu. Tumboni vina kikombe cha kujibandika kwenye jiwe ili mkondo usivichukue, na chakula chao ni utando wa kijani unaoota juu ya mawe. Watu wa kwetu Asumbi walimcheka: samaki haliwi, hauzwi, ana kazi gani?

Gobi hawaishi kwenye maji yaliyotulia. Kwa hiyo tangi lilikuwa na pampu ya kusukuma maji mchana na usiku, mtumba wa bei rahisi. Stima ikipotea na kurudi, haikuanza yenyewe. Sharti mtu aigonge, aitikise, ndipo ingurume. Jacktone hakuchelewa hata siku moja. Ukisikia maji yanakimbia ndani ya simba yake, yaani nyumba ndogo ya kijana ambaye hajaoa, ujue yuko mzima.

Baba alijua hivyo kuliko sisi sote. Mama alipofariki walibaki wawili bomani, na kila asubuhi Baba alisimama chini ya dirisha la ile simba na kusikiliza. Nje. Kwetu mzazi haingii simba ya mwanawe. Akiingia, chira, laana ya kuvunja mwiko, inamkamata huyo mtoto, anakonda mpaka anakufa. Baba yetu, Mzee Cephas, ni katekista, na Jumapili huwahubiria watu habari za mchungaji aliyeacha kondoo tisini na tisa akamtafuta mmoja. Lakini mwiko ni mwiko. Mwacha mila ni mtumwa, husema.

Nilikuwa dukani kwangu Suna, mbali na nyumbani, aliponipigia.

"Celestine, stima imerudi, redio yangu inaongea. Lakini maji ya Jacktone imenyamaza."

"Umemwita?"

"Nimeita mpaka sauti imeisha."

"Ingia, Baba! Mlango hauna komeo." Tulikuwa tumeling'oa wenyewe, kwa ajili ya kile kifafa.

"Nyathina, mwanangu, unajua siwezi. Nimempigia Levis."

Levis ni binamu yetu. Yeye angeweza kuingia. Lakini alikuwa sokoni Rangwe. Nilipiga kelele kwenye simu mpaka wateja wakatoka dukani. Nilimwambia Baba maneno ambayo binti hamwambii babake, na sijutii hata moja. Nilimsikia akipumua pale mlangoni, hatua moja kutoka kwa mtoto wake.

Levis alifika na bodaboda. Alimkuta Jacktone amelala kifudifudi, uso umezama kwenye beseni la maji aliyokuwa ameandaa kuongeza kwenye tangi. Maji ya beseni hayakufika hata nusu. Mwili ulikuwa bado na joto. Levis alinieleza hilo mimi peke yangu, kando ya kaburi, na ninamchukia kwa kunieleza.

Matangani wazee walisema kazi ya Mungu haina makosa. Nilitaka kuwamwagia chai.

Baada ya matanga nilirudi na ndoo yenye mfuniko, nihamishe wale samaki kabla ya simba kubomolewa. Kutoka uani nilisikia maji yanakimbia. Nilisukuma mlango.

Baba alikuwa ndani. Amekaa kwenye kiti cha Jacktone, mikono ya shati imelowa mpaka kwenye viwiko. Gobi walikuwa wamejibandika kwenye mawe yao, wote wazima.

"Stima ilipotea," alisema bila kugeuka. "Imerudi sasa hivi. Nimeianzisha pampu."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nilikuwa nasikia tu hapo dirishani. Anagonga pembeni, anatikisa, anagonga tena."

Nilikuwa na hasira ya kutosha kuwachoma wazee wote wa Asumbi, naye akiwa wa kwanza. Nikamuuliza kwa ubaya, "Na mwiko je, Baba?"

Akanitazama.

"Chira ishike nani sasa, nyathina?"

Nilirudi Suna na ndoo tupu.