Deni Lililobaki Nje

Mbwa watatu walibweka kwa mkupuo mmoja Mervyn alipogusa komeo la lango la Delwyn Jolly. Akauondoa mkono, akageuka kunitazama nilipokaa kwenye pikapu, kama mtu anayengoja kuitwa arudi. Sikumwita. Yangu yote nilikwisha kuyasema jikoni asubuhi ile, na sauti ilikuwa imenikauka.

Neno lililotakiwa pale langoni lilikuwa moja tu: ndiyo. Ndiyo, mimi ndiye niliyekosa. Ndiyo, nakubali kiasi unachodai. Akilisema hilo, ifikapo Jumatatu mzigo wote ungetuondoka mabegani. Nikautazama mgongo wake mpana ndani ya shati alilolipiga pasi mwenyewe, nikajua, kama mke anavyojua mgongo wa mumewe, kwamba hatalisema.

Ajali yenyewe ilikuwa imetokea miaka miwili kabla, kwenye njia panda ya ghala la shayiri, nje kidogo ya Kadina, mji wetu huku kusini mwa Australia. Ilikuwa siku ya upepo wa kaskazini, ule unaobeba udongo wa mashamba ya watu ukaenda kuumwaga baharini. Mervyn alikuwa anatoka kutengeneza pampu ya kisima huko Paskeville, na upande wake ndio uliokuwa na kibao cha kusimama. Delwyn, mama anayeishi kwa kuosha mbwa wa watu, alikuwa anakuja kwa barabara kubwa na gari lake la kuoshea mbwa, lenye beseni, tangi la maji na mashine ya kukaushia manyoya, na ndani yake mbwa wa mjane mmoja wa Moonta. Pikapu yetu ikaligonga gari lile ubavuni, likaenda kulala mtaroni. Hakuna mtu aliyeumia. Mbwa alitokea dirishani akatimkia kwenye shayiri, akapatikana jioni angali na povu la sabuni mgongoni. Huyo ndiye aliyekuwa shahidi pekee.

"Nilisimama," alisema Mervyn. "Nikatazama huku na huku. Mwenzangu katokea ndani ya vumbi bila taa."

"Taa zilikuwa zinawaka," alisema Delwyn. "Yeye ndiye hakusimama hata chembe. Kapita kama anaingia zizini kwake."

Delwyn hakuwa na bima. Yetu tuliiacha ikatike mwaka ule wa ukame, tukijiambia tutailipia mvua ikinyesha. Basi kila mmoja akashika lake asiachie. Mji wetu ni mdogo; ukigombana na mtu utamkuta kwa muoka mikate, utamkuta kwenye foleni ya dawa, utamkuta kanisani siku ya maziko umekaa naye benchi moja. Delwyn akawa anaoshea mbwa kwenye kibanda nyuma ya nyumba, kwa mpira wa bustani, na wale wazee waliokuwa wakifuatwa majumbani wakamkimbia mmoja mmoja. Mervyn akipishana naye alikuwa akivua kofia. Hakujibiwa.

Na mvua haikunyesha. Wakulima waliobanwa na benki hawakuwa na cha kumlipa fundi wa pampu, na fundi hakuwa na cha kulipa duka la vipuri. Tukauza nyumba, tukahamia ya kupanga. Simu ikilia tulikuwa tunatazamana, kila mmoja akimtaka mwenzake ainuke. Mwisho tukaenda kwa Anneke Vossen, mshauri wa madeni, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole ambaye alikuwa akiwasaidia watu bure katika chumba kilicho nyuma ya maktaba.

"Ukitangazwa mufilisi," alimweleza Mervyn, "duka la vipuri, benki, yote hayo yanaingia humo. Wataacha kukufuata. Zana zako za kazi utaachiwa, mradi zisizidi thamani fulani."

"Na lile la gari?" niliuliza mimi.

Anneke akaweka kalamu chini. "Hilo mnalobishania?"

"Hilo hilo."

"Haliingii. Ufilisi unabeba deni linalojulikana ni kiasi gani. Hili lenu si deni bado, ni ugomvi. Hakuna hakimu aliyesema nani kakosa, wala nyinyi wenyewe hamjapatana. Mtu akishafilisika, linabaki nje linamngoja. Siku yoyote yule mama anaweza kumshtaki, na akishinda, atalipwa kwenye mshahara wake."

"Na kama tungekuwa tumepatana?"

"Kabla ya siku ya kutangazwa, kwa maandishi, kiasi kikatajwa? Hapo lingeingia pamoja na mengine. Yule mama angepanga foleni nyuma ya benki, apate senti chache, au akose kabisa."

Mervyn akacheka, kicheko ambacho sikukipenda. "Hebu nieleze polepole, mama. Nikisema nimekosa, nasamehewa. Nikisema sikukosa, nafuatwa."

"Kwa maneno ya mtaani, ndiyo."

"Basi aliyetunga sheria hii alikuwa kalewa."

"Mimi sikuwepo," alisema Anneke.

Tulikubaliana apeleke jina lake Jumatatu iliyofuata. Jumatano kabla ya hiyo Jumatatu, simu ikalia, nikainuka mimi. Nyuma ya sauti ya Delwyn nilisikia maji yakimwagika.

"Coral, mwambie mumeo nimechoka," alisema. "Nilidai dola elfu ishirini na mbili. Sasa nitachukua kumi na nne. Mwisho wa wiki aje kwangu asaini, tumalizane."

Nilimwambia nitamfikishia. Niliona mlango ambao tumekuwa tukiugonga kwa vichwa vyetu umejifungua wenyewe.

Mervyn aliposikia hakufurahi. Siku mbili alikula chakula chake, akainuka akaenda zake. Ijumaa asubuhi nilishindwa kuvumilia.

"Saini tu, Merv. Kwani si ndicho alichokitaka huyu mama tangu siku ya kwanza? Anataka useme umekosa. Mwambie umekosa!"

"Anataka gari."

"Anataka vyote viwili. Mpe kimoja."

"Coral, mtu hashushi bei namna hiyo ila ameishiwa. Anadhani hizo kumi na nne zipo. Nisaini leo, Jumatatu nimzike nazo?"

"Basi usisaini. Nyamaza. Wiki ipite."

"Na atakapoipata habari kwa watu?"

"Aipate! Sisi habari zetu mbaya nani alikuja kutuambia usoni?" Nilikuwa nimesimama, na nilikuwa napiga kelele, majirani wa nyumba ile walikuwa bado hawatujui na mimi ndiyo nikawa nawajulisha. "Umri wetu huu, unataka kuanza upya na deni mgongoni? Kwa ajili ya mtu asiyekuitikia salamu?"

Alikunja ubao wa kupigia pasi, akauegemeza ukutani, akavaa shati. Nilimfuata nikapanda pikapu, kwa sababu niliona kama nikiwapo huenda akaona haya.

Ndivyo tulivyofika langoni. Nilishusha kioo. Delwyn alitoka kwenye kibanda akijipangusa mikono kwenye aproni, na kwa mara ya kwanza tangu ajali nikamwona usoni kitu kama matumaini. Kilinichoma zaidi ya hasira zake zote.

"Karatasi iko ndani," alisema. "Umekuja na kalamu?"

"Sikuja nayo."

"Umekuja na nini basi?"

"Delwyn, Jumatatu natangazwa mufilisi. Nikikusainia leo, pesa yako inaingia mle inamezwa pamoja na za benki. Hutaona kitu. Usinipe hiyo karatasi."

Delwyn aliwanyamazisha mbwa kwa mkono. "Rudia."

Akarudia. Kisha akasema, "Ngoja Jumatatu ipite, unishtaki. Hilo lako litabaki nje. Mwenye kunidai utakuwa peke yako."

"Nikushtaki."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unakubali ulikosa."

Mervyn alivua kofia, nikadhani, Mungu nisaidie, atalisema lile neno. "Sijui," alisema. "Pale huwa nasimama siku zote. Hata siku ile naona kama nilisimama. Lakini nimeisimulia mara nyingi mno, Delwyn. Sijui tena kama ninachokumbuka ni njia panda au ni maneno yangu mwenyewe."

Rangi ilimpanda Delwyn kutoka shingoni. "Miaka miwili!" alisema. "Miaka miwili unanivulia kofia mbele za watu, leo ndiyo hujui? Nimeshatoa arubuni ya gari jingine huko Port Pirie, unasikia wewe mwanamume? Arubuni! Ondoka hapo kabla sijawafungulia hawa mbwa."

Mbwa wenyewe walikuwa wadogo kama vikapu vya mayai. Lakini Mervyn aliondoka upesi, na alipokaa kwenye usukani alishindwa mara mbili kuwasha gari.

"Umeridhika?" nilimwuliza tulipofika barabarani.

"Hapana."

Jumatatu ikafika, akapeleka jina lake.

Alitangazwa mufilisi. Benki ikanyamaza, duka la vipuri likanyamaza, na ukimya ule ulikuwa mtamu kiasi kwamba usiku nilikuwa naamka kuusikiliza. Mervyn akapata kazi ya kupakua nafaka ghalani. Kila gari la posta lilipopunguza mwendo mbele ya nyumba, nilichungulia dirishani, nikijua kuna mdai mmoja bado. Majira ya kuchipua, wito wa mahakama ukaja.

Kilikuwa chumba kidogo, bila mawakili, Delwyn upande huu na sisi upande ule. Hakimu alikuwa kijana mwenye mafua. Alimwuliza Mervyn kama alisimama kwenye kibao, na Mervyn akamjibu kama alivyomjibu Delwyn langoni, karibu neno kwa neno. Hakimu akaandika. Kisha akamgeukia Delwyn, akamwuliza kama taa zilikuwa zinawaka.

"Huwa naziwasha," alisema Delwyn.

"Siku ile?"

Alitazama mikono yake, iliyochubuka kwa sabuni. Angeweza kusema ndiyo. Nani angembishia, mbwa? "Huwa naziwasha," alisema tena, taratibu, na akaishia hapo.

Hakimu aliligawa kosa. Robo akamtwisha Delwyn, robo tatu akatuachia sisi. Ilizidi ile kumi na nne. Nilipiga hesabu kichwani nikaona miaka yetu ikipita kama magunia kwenye mkanda wa ghala, moja baada ya jingine, yote ya mtu mwingine. Mervyn aliitikia kwa kichwa tu, akaenda kuleta pikapu.

Nikabaki kwenye ngazi za mahakama, na Delwyn akatoka akasimama karibu yangu, maana kivuli kilikuwa kimoja. Upepo ulikuwa mtulivu.

"Siku ile langoni," alisema bila kunigeukia, "nilikuona umenuna humo garini. Ulikuwa umeninunia mimi?"

"Wewe na yeye."

Akatafakari. "Ingekuwa mume wangu anaenda kumwambia mtu habari kama ile, ningemfichia funguo."

"Nilizificha," nikamwambia. "Kumbe alikuwa na za akiba."

Alicheka, kicheko kifupi cha puani, mara moja, kisha akajirudi kana kwamba amekumbuka mahali tulipo. Pikapu ikatokea kwenye kona. Delwyn akaweka mkoba wake begani.

"Hayo malipo," alisema. "Mnaweza kuwa mnaleta kila wiki mbili badala ya mwisho wa mwezi? Yule muuza gari wa Port Pirie hanisubiri."

Nikamwambia tunaweza.