Tangi la Chini

Hakuna mtu mbishi kama fundi cherehani aliyeachwa nyumbani na samaki wawili. Huyu tunayemsema walimwita Futi, kwa sababu ile futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni hata akienda kununua mkate. Mkewe alikuwa nesi. Alipata kazi kwenye hospitali ya mbali, mbali ya kupanda ndege, na siku ya kuondoka alimwambia mumewe waziwazi, "Hawa samaki wagawe, mume wangu. Usijifunge nao."

Futi akaitikia sawa, wala hakumaanisha. Kichwani alishajipangia mambo yake: mwanamke hawezi kuwatupa samaki aliowalea tangu wakiwa wadogo kama kucha. Wakiwepo, atarudi. Wasipokuwepo, atarudi kufuata nini? Kwamba angeweza kumrudia yeye mwenyewe, mwanaume mzima mwenye meno yake yote, hilo halikumpitia akilini.

Tangi lenyewe, la maji ya chumvi, lilikaa sebuleni juu ya kabati, karibu na cherehani. Zamani nesi akitoka zamu alikuwa anavua viatu, anaketi mbele ya samaki bila neno, mpaka uso wake unalegea. Futi naye anashona. Hawasemeshani, na ndiyo ilikuwa raha yao. Sasa kiti kilikuwa kitupu, na Futi alimkumbuka mkewe mpaka kifua kikamuuma, tena mchana kweupe, mteja kasimama mbele yake anapimwa kiuno.

Simu walikuwa wanapigiana, lakini mazungumzo yalishakonda. Umekula? Nimekula, na wewe? Kazi? Ipo. Kisha kila mara, kabla ya kukata, nesi anauliza, "Samaki bado wapo?"

"Wapo, wazima kabisa," Futi anajibu, kifua mbele.

"Haya," anasema nesi, sauti imeshuka, na simu inakatika. Futi anajiambia, maskini, anavyowakumbuka samaki wake.

Halafu maji yakaanza kuchafuka. Yakawa na rangi ya kijani, na yule samaki mkubwa akagoma kula, akawa anajibanza kwenye kona. Roho ikamruka Futi. Akafunga kazi, akaenda kwa muuza samaki wa mapambo, mtu wa maneno mengi aliyenuka chumvi mwaka mzima.

"Kichujio chako kidogo," yule muuzaji akamwambia. "Unahitaji tangi la pili, huko chini ndani ya kabati. Maji yanashuka kwa bomba, yanapita kwenye sponji na mawe yanasafishwa, halafu pampu inayarudisha juu. Basi."

"Niuzie."

"Ya dukani hayaingii kwenye kabati lako, yale mapana. Tengeneza mwenyewe."

"Mimi nashona suruali."

"Na hili ni kuunganisha vipande tu. Kuna tofauti gani?"

Ipo, tena kubwa, ila Futi hakuwa mtu wa kuuliza. Akapima kabati kwa futi yake, akachora vipande kwenye karatasi ya kukatia nguo, akampelekea fundi vioo. Vioo vilipokuja, zile kuta za ndani zinazogawa vyumba vya tangi zikakataa kuingia. Akasukuma, wapi. Akageuza, wapi. Akarudi kwa fundi vioo amekunja uso, kaja kugomba. Fundi vioo akaangalia mchoro, akaangalia vipande, akacheka mpaka akashika meza.

"Bwana mkubwa, umeongeza nafasi ya mshono kila upande. Kioo hakikunjwi pindo."

Futi akala aibu yake kimyakimya, vipande vikapunguzwa, akarudi nyumbani. Akaviunganisha kwa silikoni, na hapo, tumpe haki yake, mkono wake ulikuwa mzuri. Mstari ulinyooka kama mshono wa koti la bwana harusi. Akangoja ukauke, huku anamsemesha yule samaki mgonjwa, anamsihi avumilie.

Shemeji yake, mdogo wake nesi, alipita kuchukua sketi yake, akakuta lile boksi la kioo katikati ya sebule.

"Shemeji, hilo jeneza la nani?"

"Ni la kusafishia maji. Usimwambie dada yako. Nataka aone mwenyewe."

"Aone vipi na yuko huko?"

"Akirudi."

Shemeji akamtazama yeye, akalitazama boksi, akachukua sketi yake.

Futi akaingiza tangi kabatini, akaunganisha mabomba, akawasha pampu. Maji yakashuka, yakapita kwenye sponji, yakaruka ukuta mmoja baada ya mwingine, yakapanda. Siku zilivyokwenda yakatakata, na samaki mkubwa akatoka konani, akala. Futi alifurahi hadi akajiimbia.

Sasa, fundi cherehani ana ugonjwa wake: hataki mshono uonekane. Lile bomba la kurudisha maji juu lilimchukiza kulitazama, basi alilizamisha mpaka sakafu ya tangi la juu, akaficha mdomo wake nyuma ya mawe ya samaki. Kazi safi, haionekani kitu. Mchana mmoja umeme ukakatika. Pampu ikasimama, na yale maji, kwa kuwa mdomo wa bomba ulikuwa chini kabisa, yakaanza kurudi kwa njia ileile, yanashuka tu. Tangi la chini likajaa, likafurika, kabati likatapika sebuleni. Futi alikuwa dukani kutafuta vifungo. Shemeji, aliyeleta sketi irekebishwe tena, ndiye aliyekuta maji yanatoka chini ya mlango, akausukuma akaingia.

Futi alipofika, alimkuta ameshalitoa bomba majini, kapandisha gauni, anakamua matambara. Juu samaki walikuwa wamebakiwa na maji ya kufunika migongo.

"Wazima?" Futi akauliza.

"Wazima. Shika ndoo."

Wakakausha, wakachanganya maji mapya ya chumvi, wakajaza. Shemeji akaketi kwenye kile kiti kitupu, ameloa, amechoka, na uvumilivu umemwishia.

"Shemeji, mpigie dada. Muonyeshe hiki kitu, na umwambie unataka nini. Kwa mdomo wako. Nyinyi wawili mmenichosha."

Futi akalipandisha bomba, mdomo ukakaa juu karibu na uso wa maji, akatoboa na tundu dogo la kuingiza hewa, ili maji yasijivute tena kurudi chini. Umeme uliporudi akawasha, akazima kusudi. Maji yakashuka kidogo, yakasimama. Akawasha tena. Ndipo akapiga simu ya video.

Akamwonyesha mkewe kila kitu: kuta, sponji, pampu, samaki wanavyong'aa. Akaeleza mpaka pumzi ikamwishia. Nesi alikuwa anafuta macho.

"Umefanya yote haya ili iweje?"

"Ili urudi. Nimekukumbuka, mke wangu. Nimekukumbuka vibaya."

"Nilikwambia uwagawe ili uje. Kila nikiuliza kama wapo, ukasema wapo, najua basi, mume wangu haji."

"Hukusema nije."

"Na wewe hukusema nirudi." Akageuza simu. Kikaonekana chumba, kitanda cha watu wawili, na chini ya dirisha meza tupu. "Hii ni ya cherehani yako. Nilipanga chumba kwa ajili yake. Kila Jumapili naipangusa vumbi."

Futi akaitazama ile meza kwa muda. Alitaka kusema mengi, akasema la fundi.

"Mwanga unaingia upande gani?"

"Wa kushoto. Nimeishi na wewe miaka yote hii, nisijue mkono wako unatia kivuli wapi?"

Futi alilia, na hakuificha sura. Nyuma yake maji yalikuwa yanashuka na kupanda, safi kuliko siku zote, naye alikuwa ameshaanza kufikiria nani angefaa kuwachukua wale samaki.