Figo Iliyopitishwa Kikaoni

Kikao kilikaa bila yeye. Mama, baba mdogo na shangazi walikunywa chai, wakakubaliana: figo ya kumwokoa kaka atatoa mdogo wake wa kike, yule fundi rangi. Kwani ana nini cha kupoteza? Hana mume, hana mtoto! Akapigiwa simu yuko juu ya ngazi, brashi mkononi, kuambiwa siku ya kwenda kupimwa. Loo, watu wana macho makavu!

Alienda. Kaka ni kaka, na ile mashine ya kusafisha damu ilikuwa imemchosha hadi hajiwezi. Vipimo vikasema dada anafaa. Siku ya majibu daktari akawatoa ndugu wote nje, akafunga mlango. Ndivyo wanavyofanya pale hospitalini kwa kila anayetaka kutoa kiungo.

"Dada, unatoa kwa hiari yako?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Hasira zikampanda.

"Kama hutaki," daktari akasema taratibu, "nitawaambia hufai, basi. Sababu hawapewi. Lawama haitakufikia."

Yaani ajifiche nyuma ya uongo, kama mwizi wa figo yake mwenyewe!

"Usiwaambie kitu. Nitasema mwenyewe."

Wodini walikuwa wamemzunguka kaka kitandani. Shangazi alishajiandaa kupiga vigelegele.

"Nafaa," dada akasema. "Na sijakubali."

"Mwanangu!" Mama akashika kichwa. "Kutoa ni moyo!"

"Ni moyo, Mama, si kikao! Mmenikatakata kama kuku, mwenyewe sipo."

Baba mdogo akanguruma, "Huna adabu! Huyu si kaka yako wa tumbo moja?"

"Ni kaka yangu. Basi aniombe. Tangu augue hajanipigia hata simu. Aseme tu, 'Mdogo wangu, naomba,' na kesho nalala wanipasue."

Haki ya Mungu, alimaanisha. Hasira zote zile, na bado alikuwa anamwombea aseme.

Kaka alimtazama, kope zimevimba, midomo imekauka. Akafungua mdomo. Kisha akageuza uso upande wa pili.

"Mama," akasema, "hebu ongea naye."

Dada akachukua mkoba wake, akaondoka.