Mabakuli Mawili kwa Marehemu Mmoja

Huku kwetu Cà Mau, kusini kabisa mwa Vietnam, kitinda mimba ndiye hurithi nyumba, madhabahu ya wazee, na kazi ya kumwandalia marehemu chakula kila mwaka siku aliyofariki. Basi mdogo wangu Thoại akapata nyumba, pamoja na shamba lililopakana na mfereji. Mimi niliyembeba mgongoni nikapewa kipande cha nyuma, ambacho maji yake hayana pa kutokea ila kwa Thoại. Nikakubali. Lakini sijasahau.

Zamani kijiji kizima kilikwenda pamoja. Kiangazi tunaingiza maji ya chumvi, tunafuga kambamiti. Mvua ikianza tunafungua malango ya mfereji maji yakipwa, mvua inaosha chumvi, tunapanda mpunga. Kisha wakaja wanunuzi na malori yao ya barafu. Kuna watu huko ng'ambo wanataka kambamiti kila siku ya Mungu, wala hawaulizi ametoka wapi wala nani amelala njaa. Thoại akaacha kuosha. Chumvi mwaka mzima! Akafyeka mikoko ya ukingoni, akavunja nyumba ya baba, akajenga nyingine ya vigae vya buluu. Chumvi ikapenya tuta lililogawa mashamba yetu, mpunga wangu ukawa mwekundu kama kutu. Kisima chetu kikaharibika. Mke wangu Lượm akawa anateka maji ya kunywa kwenye mitungi ya mvua ya Thoại, na kila akirudi anasifu vigae.

Msimu uliopita niliokoa pembe moja tu, pale palipoinuka. Nikapata gunia la mbegu, ile aliyotuachia baba, na mchele kidogo. Mvua za kwanza zilikwishaanza. Thoại asipofungua lango upesi, ile mbegu ni ya panya, na mimi ni kibarua wa kumenya kambamiti kiwandani.

"Ukienda kusema, sema bila kutazama vigae," Lượm alinionya asubuhi ya siku ya kumkumbuka baba. "Watu watasema ni wivu."

"Ni wivu. Lakini chumvi nayo ni chumvi."

Kwa Thoại ndugu walikuwa wamejaa mikekani. Juu ya madhabahu Thoại alikuwa ameweka kambamiti wanono na bakuli la wali mweupe pee. Nikaweka bakuli langu, la mchele wa ile pembe, kando ya lake.

"Kaka, mzee ana mdomo mmoja," Thoại akasema. Watu wakacheka.

"Basi achague. Huo wali wako umelimwa wapi?"

"Dukani! Siku hizi dukani kunastawi kweli," akadakia binamu yetu Khởi, glasi ya pombe mkononi.

"Baba alichimba mfereji huu kwa mikono yake, leo alishwe wali wa duka?"

"Wivu huo, mwanangu," akasema shangazi Diệp. "Tangu utotoni. Mwenzio akipewa ndizi, wewe ndipo unakumbuka njaa."

"Mwenye kupewa kila siku hana haja ya kukumbuka, shangazi."

Udi ulipokwisha, chakula kikateremshwa. Bakuli la marehemu huliwa na mrithi. Shangazi akayaweka yote mawili mbele ya Thoại. "Yote ya baba yako. Kula."

Mimi nimezoea kutazama kila alicho nacho. Nikaona vijiti vyake vya kulia haviwagusi kambamiti, na wanawe wanakula mayai.

"Mbona huwali?"

"Najua nilichowatilia majini," akajibu kwa sauti ya chini. Akavuta bakuli langu. Alikula polepole, akakomba mpaka punje ya mwisho. Kisha akasema, "Kabla hujavuna, kila asubuhi nilikaa barazani, kaka, nikaangalia ile pembe yako ya kijani. Vigae vyote hivi, na roho ikaniuma kwa majani yako."

Siwezi kuficha: maneno yale yalikuwa matamu kama asali.

"Fungua lango basi."

"Hawajakomaa."

"Mbegu yangu haitawangoja."

 Wageni wakaaga, naye akainuka kuwasindikiza.

Kesho yake alivua kambamiti wote, wadogo kama kidole, akawauza kwa bei ya kutupa. Maji yalipoanza kupwa akang'oa mbao za lango. Chumvi ikatoka ikinguruma, na mvua ikaanza kazi yake. Kijiji kizima kikaja kutazama. "Thoại ana moyo!" wakasema. Shangazi Diệp akalia. Khởi naye akaenda kung'oa mbao zake. Lượm akampelekea Thoại chai katika kikombe chetu kizuri. Bakuli langu hakuna aliyelitaja.

Ardhi ilipooshwa, Thoại akaja kuomba mbegu. Nikampa nusu ya gunia. Mbegu ya baba ni yetu sote.

Sasa mpunga umeota pande zote mbili za tuta. Wa kwake uko karibu na mfereji, chumvi ilitoka mapema. Umestawi kuliko wangu.